Wanamcheka Mama

Jumamosi, 4 Mei
Saa ya hadithi maktabani — viti vingi, watu wachache. Sisi Marafiki wa Maktaba ndio tuliokaa mbele kuziba mapengo. Mama alisimulia ile ya mfalme asiyelala. Katikati akapotea. Mfalme akageuka fundi cherehani! Halafu akaanza upya, kana kwamba ndiyo kwanza anakaa. Watoto walicheka hadi kujishika mbavu. Mama naye akacheka.

Jumatatu, 6 Mei
Kikao cha Marafiki. Nikawaambia wazi: daktari kasema ni ugonjwa wa kusahau, Mama apumzike. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, akauliza kama mwenyewe amelalamika. Hapana. Basi tumwache afurahi, akasema. Kumbe Bwana Spika, fundi wetu wa vipaza sauti, alimrekodi — video imezagaa, watu wanauliza lini tena.
Mkutubi peke yake alisema si vizuri. Akajibiwa kwamba ukumbi ukikosa watu utafungwa, na jioni za ushairi zife, na darasa la kina mama la kusoma life.
Nami sikumtetea. Hilo darasa nalifundisha mimi.

Jumamosi, 11 Mei
Ukumbi umefurika! Watu wazima watupu, simu juu. Mlangoni bango kubwa: NJOO UCHEKE NA BIBI MSAHAULIFU. Mama akalisoma polepole. Akaniuliza, "Na huyo bibi naye anasimulia leo? Nionyeshe nimsalimie."
Katikati ya hadithi akasita, akawauliza watu, "Baba yenu ameshakula?" Baba tulishamzika zamani. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Ameshakula, bibi, yuko njiani!" Ukumbi ukalipuka. Mama akageukia mlango. Akangoja. Akangoja kweli, mikono mapajani, mpaka vicheko vikaanza kukauka.
Mwenyekiti akapiga makofi. Wote wakafuata.

Jumatano, 15 Mei
Nimemwambia Mama basi, hakuna tena maktaba. "Unanionea wivu, mwanangu? Humu ndani nani ananisikiliza? Kule wananipigia makofi." Akalia. Baadaye kidogo ugomvi wenyewe kausahau — hasira haikusahaulika. Chakula changu hakugusa, na hajui kwa nini.
Mwenyekiti kapiga simu. Mfadhili wa maktaba anakuja Jumamosi, kaiona video, anataka kumwona "yule bibi". Nikasema haji. Sawa binti, akasema, usijali. Upole ule!

Jumamosi, 18 Mei
Asubuhi. Honi getini. Bwana Spika, na gari la kukodi.
Nimefunga geti, ufunguo ninao, nimejifungia chumbani. Naandika ili mkono usifungue mlango.
Mama yuko uani, kavaa gauni lake la sherehe, mkoba kwapani. Kanigongea dirishani: "Fungua, watu wananisubiri." Akaenda getini kuomba radhi. Namsikia akimwambia Bwana Spika kwamba kuna mwanamke humu ndani amemfungia, hamjui ni nani.
Yule anacheka. Simu kaipitisha juu ya geti. "Basi bibi, tusimulie hapo hapo."
Mama amevuta ndoo, kaigeuza, amekaa. Anarekebisha kola.
Majirani wanasogea. Mmoja kaja na kiti chake.