Kipapatio Mezani

Jumatatu, 14 Julai

Baridi kali. Nimechemsha maji mara mbili, ya Mama na yangu. Mama hakutoka chumbani. Nikamwachia uji na viazi, nikamshika mkono nimwonyeshe kikombe kilipo. Akautoa mkono wake. Leo siku ya tisa tangu aungue. Lengelenge limekauka. Hasira bado.

Niandike ukweli, maana hakuna atakayesoma. Macho ya Mama yaliisha mwaka jana kwa presha ya macho. Nikamtoa Isongole, nikamleta kwangu hapa Mpemba. Jumamosi ile nilimkuta jikoni peke yake akinyonyoa kuku, mkono umezama kwenye maji ya moto. Nikamnyang'anya kuku. Nikamfokea kama mtoto, nikamwambia asiingie tena jikoni kwangu. Kwangu! Mwanamke aliyenisomesha kwa kupika kuku pale mpakani Tunduma, mpaka madereva wa Zambia wakawa wanamwita Bamayo Inkoko, yaani Mama Kuku.

Jumanne, 15 Julai

Kaka Asajile kapiga simu kutoka Isongole. Mama kamwomba aje amchukue. Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nikauliza atakaa na nani mchana, wakati yeye yuko shambani na wifi yuko sokoni. Akasema tutaona.

Mama hakuniambia mimi. Kamwambia Asajile. Imeniuma.

Alhamisi, 17 Julai

Kidato cha Tatu, somo la ndege. Nikasema ndege ni uzao wa dinosaria, na dinosaria wengi walikuwa na manyoya. Darasa zima likacheka. Wao wanawajua wale wa kwenye sinema, ngozi kama mamba. Nikawaonyesha picha kwenye simu: kisukuku cha huko Uchina, mnyama aliyezama kwenye tope laini la ziwa la kale, manyoya yamejichora kwenye jiwe kama jani lililoangukia saruji mbichi. Kicheko kikaisha.

Ndipo Tumaini, yule msichana wa dawati la nyuma asiyesemaga kitu, akanyoosha mkono. Akauliza: na yule aliyefukiwa na mchanga, akabaki mfupa mtupu, wanajuaje kwamba naye alikuwa na manyoya?

Sikujua. Nikamwambia anipe muda. Niliona aibu kidogo. Nilifurahi zaidi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimempigia Zuhura, tuliyesoma naye chuo. Siku hizi yuko na watu wanaochimba visukuku huku huku kwetu Songwe, kule bondeni, kwenye mawe mekundu. Anasema wamepata mifupa ya dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu. Manyoya hapana. Mchanga mzito hautunzi kitu laini. Ila anayo nakala ya plasta ya mfupa wa mkono wa dinosaria mdogo mla nyama, kutoka jangwani huko Asia. Ataituma kwa basi. Akasema jibu la Tumaini limo kwenye mfupa huo, na hataniambia liko wapi. Zuhura ni yule yule.

Mama kala nusu sahani.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike polepole.

Mzigo nimeuchukua Tunduma asubuhi. Mfupa una urefu kama wa kalamu. Nimeugeuzageuza dirishani mpaka macho yakauma. Sikuona kitu zaidi ya nyufa. Nikauacha mezani, nikaenda kuwawekea kuku pumba.

Niliporudi Mama alikuwa sebuleni. Siku zote hizi hakuwa ametoka. Amekaa mezani, mfupa mikononi.

"Nani ameacha kipapatio mezani?" akauliza.

Nikasema si kipapatio. Akasema ni kipapatio, ila si cha kuku. Ni kikubwa mno, kizito, na hakinuki. "Lakini manyoya yalikaa hapa," akasema. "Yale makubwa. Njoo ushike."

Akanivuta kidole gumba, akakipitisha ubavuni mwa mfupa. Sikusikia kitu. Akakirudisha, taratibu zaidi, akinibana kucha. Nikasikia. Kinundu. Kingine. Kingine tena, vimepangwa mstari mmoja, nafasi sawa kwa sawa.

Nikampigia Zuhura. Akacheka kwa furaha. Ndiyo hivyo vinundu: pale unyoya mkubwa unapofungwa kwenye mfupa, mfupa unaota kinundu. Ndege wengi wa leo wanavyo. Huyu wa kale alikuwa navyo. Manyoya yameoza, vishikizo vyake vimebaki. Akauliza nimeviona saa ngapi. Nikasema sikuviona mimi, kaviona Mama.

Nikaenda chooni nikalia.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada Mama kaniamuru nichinje jogoo. Maji ya moto nikayamimina mimi, kunyonyoa kanyonyoa yeye. Kuku mzima kamaliza kabla sijamaliza kukatakata vitunguu. Tukachemsha vipapatio mpaka nyama ikaachia, akasafisha mifupa kwa kidole, akanionyesha vinundu vya jogoo. Hafifu sana. Mimi nimefundisha mifupa ya ndege miaka kumi na moja na sijawahi kuvijua. Yeye anavijua tangu usichana.

Nikamwomba msamaha kwa yale maneno ya jikoni. Akasema kuungua si kitu, kaungua mara nyingi mpakani akiwa na macho yake mawili. Kilichomuuma ni kuambiwa "jikoni kwangu".

Jumatatu, 21 Julai

Nimemwomba aje darasani. Kakataa. Hataki kuongozwa kama mbuzi mbele ya watoto wa watu. Sikumlazimisha.

Safari ya Jumamosi iko palepale. Nguo zake zimeshakunjwa kitandani.

Jumatano, 23 Julai

Jioni kaniuliza yule binti aliuliza nini hasa. Nikamrudishia swali lote. Akasema mtoto akiuliza vizuri asicheleweshwe. Tutakwenda Ijumaa.

Nina hofu. Wakimcheka sitajisamehe.

Ijumaa, 25 Julai

Hawakucheka.

Mama kavaa kitenge kile cha sherehe. Nilimkalisha mbele, mfupa mapajani. Akawaambia wafumbe macho, wote, na mwalimu pia. Mfupa ukapita mkono kwa mkono. Wengi hawakusikia kitu, wakasema hivyo. Ulipofika kwa Tumaini, Mama akamwita mbele. Akamshika kidole gumba kama alivyonishika mimi. Nje malori yanapanda barabara kuu.

"Vipo," Tumaini akasema. "Vinafuatana."

Mama akamwambia hilo ndilo jibu lake.

Maswali yakaanza. Kama dinosaria huyu hakuruka, manyoya ya nini? Nikaeleza kuhusu visukuku vya jamaa zake vilivyokutwa vimekaa juu ya mayai, mikono imetandazwa pande zote kuyafunika. Mama akadakia kwamba hata kuku atamiaye mwezi huu wa baridi hukaa hivyo hivyo, na ukimgusa anakudonoa mpaka damu. Wakacheka. Naye akacheka. Nilikuwa nimesahau ana pengo upande wa kushoto.

Njiani kurudi alinishika mkono mwenyewe. Sikutaka tufike.

Jumamosi, 26 Julai

Asajile kafika saa nne na gari la kukodi. Nilikuwa nimeshafunga mzigo wa Mama. Nilikuwa nimejiandaa kutolia.

Mama akamwambia akae ale kwanza. Kapika yeye. Mimi nilisimama karibu na jiko mikono nyuma, nikiuma midomo. Akapitisha kiganja hewani juu ya sufuria, akajua moto ulipo. Chumvi kaonja mara mbili.

Walipomaliza kula, akamwambia Asajile asamehe kwa kumsumbua, haendi. Atakwenda mwezi wa kumi kuangalia nyumba yake kabla ya mvua, kisha atarudi. Akasema ana kazi hapa. Kidato cha Pili nao wanataka kuushika ule mfupa, na mwanawe huyu hajui kunyonyoa kuku.

Asajile akanitazama. Nikainua mabega. Akaondoka na mapaja mawili ya kuku kwenye bakuli.

Tumekubaliana: kumimina maji ya moto ni kazi yangu. Mengine yote jikoni ni yake. Kashaniambia visu vyangu vibovu.

Jumapili, 27 Julai

Kimya. Jua la baridi. Tumekaa kibarazani baada ya chakula.

Mama kauliza wale wanyama walikuwa na rangi gani. Nikamwambia kwa wachache inajulikana. Kwenye manyoya yaliyogeuka jiwe kumebaki chembe ndogo mno za rangi. Mmoja alikuwa wa rangi ya kutu, mkia una pete nyeupe. Mwingine mweusi, mwenye kung'aa kama kunguru juani. Huyu wetu wa mezani hakuna ajuaye.

Akafikiri. Akasema basi yeye anamwona ni mwekundu mwenye madoa.

Tangu macho yaondoke hakuwahi kuniuliza rangi ya kitu chochote.

Baadaye kidogo akauliza gauni langu la leo ni la rangi gani. Kijani, nikamwambia. Limepauka mabegani.