Konokono Wako Wameenda Ujerumani

Mama Gerda,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Hukuwa unapokea hata chai kabla sijakuamkia, mzungu gani wewe!

Nimechoka, Mama. Naandika nikiwa Kirumba, kwenye chumba chetu cha kazi, na rafu ni tupu. Konokono wako wa kwenye chupa za spiriti wamechukuliwa juzi. Alikuja mtoto wa dada yako na masanduku, akazifunga chupa moja moja kwa magazeti, akaondoka nazo kuzipeleka makumbusho ya kwenu. Mimi ndiye niliyemwita.

Ulisema ukiwa kitandani, umenishika mkono: "Kabula, hawa ni wa ziwa hili. Wasitoke Mwanza." Nikasema ndiyo. Nani angemwambia mgonjwa hapana? Lakini spiriti inapungua yenyewe, chupa zinataka kujazwa, vifuniko vinapasuka, na ile harufu imenikaa kifuani hadi daktari amenikataza kuingia humu. Mpangaji wa jirani alishikilia kwamba nafuga kichocho. Nikamweleza kuwa wamekufa zamani, akasema hata wachawi husema hivyo. Nilibisha hodi chuoni, nikabisha hodi shuleni Igoma. Wote walisifu, hakuna aliyesema leta.

Masika iliyopita nililazwa kwa kifua hiki hiki. Niliporudi nikakuta chupa kadhaa zimekauka. Wale wadogo wa chini ya mawe, ambao hakuna mtaalamu aliyewahi kuandika habari zao kabla yako, wamebaki maganda na vumbi. Nililia, Mama. Nililia kwa hasira, na niliyemkasirikia ni wewe.

Nakumbuka tulivyoanza. Wataalamu wote waliokuja walikuwa wanauliza habari za sangara. Wewe ulishuka soko la samaki la Mwaloni ukaulizia konokono, akina mama wa dagaa wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakakuita Mama Konokono, nawe ukaitika. Ulinifundisha kumwacha konokono kwenye sahani ya maji atulie, atoe pembe mwenyewe, ndipo tumlaze kwa dawa na kumtia kwenye spiriti. Ukimharakisha anajikunja ndani, na hapo huoni kitu. Mchana mzima tunasubiri mnyama mdogo kuliko punje ya mchele, huku tukitafuna michembe, vile viazi vikavu, na karanga. Nikisinzia unanigusa kiwiko: "Polepole, Kabula. Yeye ndiye bosi." Sijawahi kufanya kazi ya raha kama ile.

Binti yangu Limi ananiambia, "Mama, aliyekufa hahesabu chupa." Sijui. Gari lilipoondoka nilitegemea moyo uniume. Badala yake nililala bila kukohoa, na asubuhi nikaona aibu kwa jinsi nilivyolala vizuri.

Ajabu ni kwamba wao wameenda kwenu, na wewe umebaki kwetu. Ndugu zako walitaka kukurudisha, lakini ulikuwa umeshakataa mapema, ukasema unataka udongo wa hapa. Basi sikuombi msamaha, hata nguvu ya kuomba sina. Ahadi ile imenishinda. Pokea hii ndogo, ambayo kifua changu kinaiweza: kila masika nitakuja na jembe, na maadamu natembea, kaburi lako halitaota majani.

Pumzika, Mama Gerda. Na mimi sasa niache nipumzike.

Kabula wako