Gamba la Malkia wa Nyigu

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kanipatia kazi. Hakuniuliza. Kaingia, kakaa, kasema: kiwanda cha sare za shule, tarehe kumi na saba, saa mbili kamili asubuhi. Msimamizi ni rafiki yake na ameshampa neno. Kushona kola. Kola tu, kutwa nzima, za bluu.

Nikamwambia onyesho la kosplei, lile la kujivika kama wahusika wa michezo na katuni, ni tarehe kumi na tano. Na Mama Maleba atakuwepo — jina nimempa mimi, yule mkuu wa chumba cha mavazi pale ukumbi wa maigizo. Anatafuta msaidizi mmoja. Mmoja! Atamchagua siku hiyohiyo kati ya washindi.

Kaka akakuna kidevu. Akasema ukishinda, nitakwenda mwenyewe kumwomba rafiki yangu radhi. Usiposhinda sitaki maneno, mdogo wangu.

Nikasema sawa. Nimeahidi. Kaka ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, na sijawahi kumvunjia ahadi. Nina miaka ishirini na tisa, nalala kwenye chumba cha kupigia pasi, na kitu pekee ninachokijua ni kumvika mtu mpaka mama yake ampite bila kumsalimu. Wakinipeleka kwenye kola nitakauka. Sisemi kwa utani.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimemfunga Twiga. Twiga ni rafiki yangu tangu shule, mrefu hadi anainama mlangoni. Mimi natengeneza, yeye anavaa. Mbele ya watu mimi sisimami.

Kumfunga maana yake namzungushia nailoni ya kufungia chakula, kuanzia kwapani hadi nyongani, halafu tepu juu yake, tabaka tatu. Nachora mistari ya mishono kwa kalamu. Nakata mgongoni, namtoa, na lile ganda linalobaki ndiyo ramani yangu ya vazi. Kipimo cha futi hakiwezi kufanya hivyo. Mwili wenyewe unabaki mezani.

Alitulia ajabu. Hakuzungumza hata neno, yeye ambaye hunyamaza akilala tu. Wifi kapita mlangoni, kauliza kama tunamtuma kwa posta.

Tunatengeneza Malkia wa Nyigu, yule wa kwenye mchezo wa simu. Gamba jeusi na njano, vipande ishirini na sita, mbawa nne.

Jumatatu, 10 Machi

Vipande kumi na tisa tayari. Nakata sponji ngumu, ile ya mikeka ya mazoezi, naipasha moto kwa drayer ya wifi ya kukaushia nywele, naikunja gotini. Kila kipande nakishonea kitambaa kwa ndani, ingawa hakuna atakayeona. Vidole vimejaa gundi hadi simu hainitambui.

Wifi leo kauliza: "Wifi, mimi nitakwenda kazini na kichwa kibichi mpaka lini?" Nikamwambia mpaka Jumamosi. Kaguna, kanisogezea chai. Kakaa akaangalia gamba. Halafu akasema huyu mdudu anatisha kweli. Nimeishi na maneno hayo mchana kutwa.

Naogopa. Mambo yakinyooka hivi huwa naogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Haifungi.

Haifungi! Zipu imegoma chini ya mbavu, imebaki nafasi ya vidole vinne. Nikapima ramani, nikapima vipande, nikapima tena. Kila kitu sawasawa. Nikampima Twiga. Twiga ndiye hayuko sawa.

Nikamuuliza umenenepa? Akaangalia dari. Kumbe siku ile ya kumfunga alivuta tumbo ndani mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana alikuwa bubu. Kasema alitaka malkia awe na kiuno.

Basi nimemshonea gamba mwanamke asiyepumua.

Kosa ni langu, naandika hapa nisije kumsingizia baadaye. Fundi anayemfunga mtu kwa tepu humwambia kwanza: pumua, kaa, inama. Ndilo jambo la kwanza. Nilikuwa nimefurahi mno kwamba ametulia. Na sponji ile dukani imekwisha, nimetoka huko sasa hivi, muuzaji kasema wiki ijayo. Wiki ijayo nitakuwa kwenye kola.

Twiga akasema ni dakika tano tu jukwaani, atavuta tumbo tena. Nikakubali. Mungu anisamehe, nilikubali upesi.

Ijumaa, 14 Machi

Imefunga. Twiga kavuta tumbo, mimi nikavuta zipu, wifi kamshika mabega. Amependeza mpaka nikalia. Hakai. Hainami. Tumekubaliana asichekeshwe.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya ukumbi. Niandike kwa mpangilio.

Tulikuwa wa saba. Twiga akatoka, mbawa zikafunguka, watu wakashangilia. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akasimama. Mimi nilikuwa pembeni, nyuma ya pazia. Niliona shingo tu ikijitutumua, na midomo ikibadilika rangi. Watu walidhani anaigiza.

Sikumbuki kutoka. Nakumbuka mkasi. Nilimkata kuanzia kwapani hadi nyongani, mbele ya ukumbi mzima, gamba likafunguka, Twiga akavuta pumzi iliyosikika kwenye maikrofoni. Simu zote juu. Kuna aliyecheka, wengine wakafuata. Majaji wakasema vazi limeharibiwa jukwaani, kwa hiyo halihesabiki. Nilimshika Twiga mkono. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Nikaona aibu kuliko aibu yote niliyowahi kuona.

Mshindi kapatikana. Si mimi.

Tukiwa chumba cha nyuma akaingia Mama Maleba. Mfupi, miwani kwenye kamba. Hakutusalimu. Akaokota gamba sakafuni, akaligeuza, akaangalia ndani muda mrefu.

"Nani amekata hapa?"

"Mimi, mama."

"Umefuata mshono. Mwanzo hadi mwisho."

Sikujua. Nikamwambia sikujua, nilikuwa nimechanganyikiwa.

Akauliza kwa nini hakuweza kupumua. Nikamweleza yote, tumbo, tepu, zipu, na kwamba nilijua tangu Alhamisi. Kasema hilo la kujua ndilo baya. Kwake waigizaji wanaimba saa mbili mfululizo, na fundi anayenyamaza ataua mtu.

Kisha, akiwa mlangoni: "Jumatatu, saa mbili asubuhi. Njoo na mkasi wako. Sijasema nimekuchukua, na sitangoja."

Jumatatu. Saa mbili asubuhi.

Jumapili, 16 Machi

Video imemfikia kaka kabla sijafika mimi. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Nilimweleza habari za Mama Maleba, nikaomba siku moja tu kiwandani, niende Jumanne.

"Amesema amekuchukua?"

"Hajasema."

"Ulishinda?"

"Sikushinda."

"Basi. Rafiki yangu amewakataa watu wawili kwa ajili yako. Nimempa neno langu, na wewe ulinipa lako."

Hakuna uongo hapo. Nimetafuta sijaupata. Na huenda yule mama anataka mtu wa kufagia vitambaa tu, nijue wapi?

Baadaye nimemkuta chumbani kwangu anapiga pasi blauzi yangu ya kesho. Mwenyewe, kwa mikono yake, na kola kaipiga mara mbili. Nimetoka, nimekaa bafuni, nimelia hadi wifi kagonga.

Jumatatu, 17 Machi

Saa moja na robo. Nimevaa blauzi. Kaka kasema atanisindikiza hadi getini kwa msimamizi, anikabidhi mwenyewe. Ukumbi wa maigizo uko upande wa pili wa mji, dakika arobaini kwa miguu ukienda mbiombio.

Saa moja na dakika ishirini hasa itabidi niwe — Kaka anaita. Anauliza niko wapi, tunachelewa.

Wifi kamjibu niko bafuni, tumbo limenikamata, ampe mtoto wa watu nafasi.

Siko bafuni. Niko nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, daftari gotini, viatu na mkasi kando yangu. Wifi ananiona kupitia dirisha la jikoni. Anaosha kikombe kimoja hichohicho. Kaka kaita tena, kwa jina langu lile la utotoni, na sauti yake haina hasira hata kidogo.