Mafungu Saba ya Vibua

Jumapili, Kimandolu. Baridi ya Julai inang'ata, na Mlima Meru haujaonekana tangu Alhamisi.

Nimeamka na hasira, nikiri tu. Bibi yangu, mama yake baba, niliyemchukua kuishi kwangu hapa tangu mwaka jana, ameniuliza mwenye nyumba yuko wapi. Wiki hii hanijui. Ananiita "dada" kwa adabu zote, kama mtu anayesubiri kuhudumiwa dukani.

Miaka mitatu nimekuwa nikisema nitakaa naye anisimulie mtaa aliozaliwa, ule wa wavuvi kule Tanga. Baba hakuujua; alizaliwa hapa Arusha, babu akiwa dereva wa malori. Aliyebaki anayeujua ni Bibi peke yake. Na mimi kila mara nilikuwa na kazi.

Leo asubuhi niliona nimeshachelewa.

Nikaenda sokoni, nikanunua vibua vilivyokuja na barafu kutoka Tanga, nikidhani labda harufu itamkumbusha chochote. Nikavimwaga kwenye sinia. Nilipoinua kisu tu, akanichapa kibao mkononi.

"Samaki hakatwi kabla ya kugawa! Umelelewa wapi wewe?"

Nimelelewa na yeye.

Akavuta kigoda, akaanza kupanga vibua vitatu vitatu. Fungu la kwanza aliliweka pembeni bila kulitaja la nani. Nikajua amechanganyikiwa tena. Kisha akaanza kutaja.

"Hili la Mnyamwezi. Kakimbia mashamba ya mkonge, hata kuogelea hajui, sasa anatega samaki kwa madema! Hili la Mngazija, fundi cherehani. Hili la Mshihiri, yule Mwarabu muuza kahawa, mkewe anatusaidia kushona nyavu." Likafuata la ndugu wawili Wapemba, waliokuja na ngalawa yao kuuza samaki wakagoma kurudi. Kisha letu. Babu yake Bibi, Mbajuni wa visiwa vya kaskazini, alishuka pale na wavu mmoja na mke mgonjwa. La mwisho lilikuwa la Bi Mwanasiti, Mdigo, ambaye wote hao walimkuta pale.

Nikamuuliza kwa nini mwenye pwani yake apate mwisho.

"Mwenyeji ana jiko, ana mihogo shambani. Mgeni ana nini? Tunaanza na aliyekuja mwisho, tunarudi nyuma mpaka kwa mwenyeji."

Nikakiweka kisu chini. Mtaa mzima ulikuwa kwenye sinia langu, nyumba kwa nyumba, kwa zamu ya kufika kwao. Mtu aliyesahau jina langu hakukosea mlango hata mmoja. Na mimi maisha yangu yote nimewatambia watu kwamba sisi ni wa Tanga tangu na tangu! Kumbe na sisi kuna siku tulikuwa wageni, na mtu akatuanza sisi kabla ya nyumba yake.

Simu ya kumrekodi ilikuwa chumbani, na mikono yangu imejaa shombo. Ndiyo maana naandika mbio mbio hivi, nisije nikampoteza Mngazija au wale Wapemba. Majina yao sikuyapata. Hilo linaniuma.

Tulipoanza kuparua, fungu la pembeni lilikuwa bado limekaa peke yake. Nikamwuliza la nani.

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. Akalisogeza mbele yangu.

"Lako, dada. Si ndiyo kwanza umefika?"

Nililia pale pale, na Bibi akanibembeleza, akaniambia mji huu una baridi lakini watu wake si wabaya, nitazoea.

Vibua vyangu nimevila vyote, na miiba nimeinyonya. Kesho akiamka bado hanijui, sitambishia. Nitasimama kwenye mlango wa jiko langu mwenyewe, nipige hodi.