Kitabu cha Farasi na Punda wa Mayu Kabula

Dada Koku mpenzi,

Shikamoo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na migomba ya nyuma ya nyumba, mnyauko umeiacha au mmeing'oa yote? Mwanao ameota jino? Niandikie kila kitu, hata kile unachoona hakina maana, kwa sababu huku ng'ambo ya ziwa habari ya nyumbani naipokea kama senene wa kwanza wa msimu. Mimi ni mzima wa mwili, na Shija pia. Mengine ndiyo haya.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya Mama huwa mnaiweka sauti ya nje, na haya si ya kusikiwa na sebule nzima.

Kwanza ujue kwamba nampenda mume wangu, Koku, nampenda hadi naona aibu. Ni miezi mitano tangu harusi, na bado pikipiki yake ikizima mlangoni nasahau nilichokuwa naosha. Huku wanamwita Bwana Mifugo. Akitoka kazini alasiri hunawa, hunywa chai, kisha tunakaa barazani na kazi yetu. Kazi hiyo sijawahi kukueleza vizuri. Unajua alisomea udaktari wa mifugo kule Armenia, miaka sita. Mwalimu wake mmoja, bibi mzee, alimfundisha maandishi ya kale ya nchi yao, na siku ya kuagana akampa picha za kurasa za kitabu cha tiba ya farasi, kilichoandikwa kwa mkono enzi wafalme wao walipokuwa wakienda vitani juu ya farasi. Shija anakifasiri kwa Kiswahili. Husoma mstari kwa Kiarmenia, sauti yake ikitokea kooni, na mimi hapo kalamu inanisimama mkononi namwangalia tu. Halafu ananiambia maana yake, nami naandika kwenye kaunta buku kwa wino mweusi. Anatania kwamba alinioa kwa ajili ya mwandiko wangu wa kidato cha nne. Wino mweusi ni maneno ya yule mtu wa kale. Baadaye, pengine wiki kadhaa, Shija hupitia pembeni mwenyewe kwa wino mwekundu: hii ni kweli, hii haidhuru, hii inaua.

Jirani yetu Mzee Lushinge hutucheka.

"Bwana Mifugo, farasi wako wapi hapa Sengerema?"

"Punda ni ndugu yake, mzee."

"Huku kwetu wanaopanda ni wachawi, na wanapanda fisi. Andika tiba ya fisi!"

Shija hucheka naye. Lakini mimi ameniambia kwamba chuoni punda alipewa nusu ukurasa tu, na huku punda ndiye anayebeba maji, mahindi, hata mgonjwa. Anataka wenye punda wawe na kitabu chao. Akisema hivyo, Koku, natamani nimkumbatie mbele za watu.

Ndipo nikaiharibu kazi hiyo.

Shija alivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kwenda Mwanza kuchukua chanjo ya mbwa. Chanjo ikachelewa, akalala huko siku tatu. Siku ya kwanza tu akaja mlangoni Mayu Kabula, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Huku "mayu" ni mama, na huyu ndiye aliyenipokea kama mama siku nilipofika. Alinifundisha kupika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akanionyesha mahali pa kuchota maji ambapo ziwa halina matope. Ana punda jike mmoja anayembebea madumu kutoka ziwani, kwa sababu mgongo wake haufai tena. Punda huyo alikuwa chini, anagaragara, anageuza shingo kuangalia tumbo lake.

Nilimpigia Shija, hapatikani. Mayu Kabula akasema, "Basi tumsubiri." Mimi nikasema hapana. Nilikuwa nimeandika ukurasa wa msokoto wa tumbo wiki ile ile, kwa mkono wangu! Nilikimbia ndani nikatoka na kaunta buku kifuani. Nilijiona mke wa daktari kweli kweli. Nikawasomea yeye na Mzee Lushinge, aliyekuja kusaidia: mafuta, kitunguu saumu kilichopondwa, na mvinyo, vyote vipashwe moto kidogo, kichwa cha mnyama kiinuliwe kwa kamba, dawa imiminwe puani. Mvinyo hatukuwa nao, nikaweka maji. Mzee Lushinge akavuta kamba.

Mayu Kabula alishika chupa, akasita. "Puani, mayu? Sisi huwa tunanywesha mdomoni."

"Ndivyo kitabu kinavyosema," nikamjibu.

Pembeni mwa ukurasa ule hapakuwa na neno jekundu hata moja. Niliona. Nilifikiri maana yake hakuna kosa.

Punda alikohoa, akapiga chafya, akatulia. Tukashangilia. Kesho yake hakula. Siku ya tatu Shija aliporudi, punda amesimama kichwa chini, usaha unamtoka puani, akipumua unasikia kutoka njiani. Shija aliweka sikio kwenye mbavu zake muda mrefu. Aliponyanyuka uso ulikuwa umebadilika.

"Nani kammiminia kitu puani? Mafuta yako kwenye mapafu."

Nilifungua mdomo. Mayu Kabula akawahi. "Ni mimi, baba. Uzee. Niliona nimsaidie." Akanitazama mimi na Mzee Lushinge, jicho kali, tukanyamaza wote wawili.

Na Shija wangu, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, alimkaripia yule mama mbele ya majirani waliokuwa wamejaa uani. Kwamba amefuga punda miaka yote hiyo hajui mdomo na pua? Kwamba mtoto asingefanya hivyo? Mayu Kabula aliinamisha kichwa. Nami nilisimama pale, Koku, na kanga zangu za harusi, sikusema neno.

Alimchoma sindano siku nne. Punda akafa Jumapili watu wakitoka kanisani.

Tangu hapo Mayu Kabula anachota mwenyewe, ndoo ndogo, anapumzika njiani mara tatu. Nikawa nampelekea maji asubuhi, na kila mtu akisifu moyo wangu, na Shija akisema ana bahati kuoa mke kama mimi. Jaribu kufikiria kusifiwa hivyo na mtu unayempenda.

Wiki mbili zilizopita tukafika kwenye ukurasa ule kwa wino mwekundu. Shija akanipa kalamu, mara ya kwanza. "Leo andika wewe, mwandiko wangu hausomeki, na hili lazima lisomeke." Akaniambia niandike kwamba mwanamke mmoja wa kijiji hiki alimmiminia punda wake dawa puani, na punda akafa kwa mapafu. Niliandika. Akachukua daftari kukagua.

"Kemi. Umeandika mke wa mfasiri."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mimi niliyewasomea."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa, akasema polepole, "Nimemtukana mama wa watu." Akavaa viatu, akatoka, nami nikamfuata nyuma.

Alichuchumaa mbele ya Mayu Kabula uani kwake, akaomba radhi. Nami nikapiga magoti nikasema yote, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Nilidhani Mayu Kabula atanishika mkono. Hakunishika. Alimnyooshea Shija kidole, amekasirika.

"Unadhani nilikuficha wewe? Nilimficha huyu! Watu wakijua dawa ilitoka nyumbani kwake, nani atamwita tena? Sasa punda sina, na mimi ni mwongo. Umefurahi?"

Alijua kijiji chake. Siku hizi nikipita sokoni wanasema, "Daktari wa pua huyo anakuja." Hilo nalistahili. Lakini wiki iliyopita ng'ombe wa mtu wa hapa hapa alishindwa kuzaa, na mwenyewe akapita mlangoni kwetu, Shija yupo ndani, akaenda kutafuta mtu mwingine Kamanga. Ng'ombe akafa na ndama tumboni. Shija alipopata habari alikaa barazani hadi chai ikapoa. Kaunta buku hatujaigusa tena. Hunisemesha kwa upole, na upole huo ndio unaoniumiza. Maji ninayompelekea Mayu Kabula ananiachia pale pale mlangoni. Sijui kama Shija atabaki na kazi hapa, dada, wala kama mimi nitabaki nilivyokuwa machoni pake. Ndilo linaloninyima usingizi.

Msalimie Mama, lakini haya usimweleze bado. Msalimie Baba mdogo aliyenishika mkono kanisani, na shangazi yetu Kokugonza aliyenifunda na kuniambia nisimfiche mume kitu. Mwambie alikuwa sahihi, usimwambie kwa nini.

Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena. Leo asubuhi Mayu Kabula ameingia uani kwetu na mbuzi wake. Hakupita njia ya nyuma, iliyo fupi. Alizunguka na kamba mkononi, akapita dukani, akapita sokoni, akapita nyumbani kwa yule mwenye ng'ombe, wote wakimwona. Mimi hakunisalimia. Akaita kwa sauti ya kusikika mbali, "Bwana Mifugo! Njoo uniangalizie mbuzi, anakohoa."

Shija alimpima taratibu, macho, fizi, mbavu, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikuwa ananawa mikono, hanitazami.

"Ana nini?" nikauliza.

"Hana kitu," akasema. "Yule mbuzi haumwi."

Mdogo wako akupendaye,
Kemilembe