Dada Niliyemvalisha Viatu

Bukavu, 9 Mei 1955

Maman mupenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na Papa. Kifua chake kinaendeleaje tangu aache mgodi? Sisi huku tunapumua. Bibiane na watoto wawili wanakusalimu. Naomba katekista Philémon akusomee barua hii mkiwa wawili tu, tena asiruke neno.

Uliniuliza habari za dada yangu Yolande. Alipofika kwangu mwaka jana alikuwa vilevile ulivyomzaa: kila anapokanyaga pekupeku maharagwe yanaota, hata kwenye sementi. Bibiane alinung'unika siku mbili, siku ya tatu akateleka chungu. Majirani walikuja na vikapu wakisema huyu mutoto iko baraka ya Mungu. Mimi ndiye niliyeona haya.

Maana nilikuwa nimeomba kadi ya evolue, ile wanayopewa Waafrika ambao Wazungu wanaona wamestaarabika. Kabla ya kuitoa, kamati huja nyumbani kukagua vitanda, uma, choo, na kama mke anakula mezani. Niling'oa maharagwe yote, nikamnunulia Yolande viatu vyeusi. Vilimbana. Akaniambia, yaya, kaka yangu mkubwa, vinaniuma, lakini kama ni kwa ajili yako nitavivaa.

Tangu siku ile hakuvivua tena, hata kitandani. Nilimsihi, Bibiane akalia mbele yake, wapi. Jumatatu ya Pasaka aliondoka kabla hatujaamka. Nimemtafuta Kasha, Nyantende, na mwendo wa siku mbili kwenye njia ya kuja kwenu Mwenga. Angetembea pekupeku ningemfuata kwa maharagwe. Sikuona hata jani.

Maman, nisikufiche. Mzungu wa kamati alimnyooshea kidole akauliza huyu ni nani. Nilijibu kwa Kifaransa kwamba ni mtumishi wetu wa jikoni. Kwa ile hofu nilisahau kwamba masista walimfundisha Kifaransa. Alinitazama kidogo tu, kisha akaenda kumletea Mzungu chai, akampa kwa mikono miwili.

Juzi karatasi yao ilifika. Imeandika watu wa nyumba yangu: mimi, mke, watoto wawili, mtumishi mmoja wa kike. Walitaka nithibitishe kwamba ndivyo. Jana, baada ya misa, nilikaa nayo mezani mpaka jioni. Nikatia sahihi.

Akifika huko, mkande miguu kwa maji ya moto, wala usimpe salamu zangu. Papa mwambie mwenyewe, mimi siwezi. Mniweke katika rozari yenu, kama bado mnaniita mtoto.

Mwanao,
Apollinaire