Maji ya Kidoti

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tano ya ndoa! Mume wangu kaniamsha kwa busu, dirisha wazi — majirani na waone! Na Kidoti, binti yake wa miaka sita, ananiita mama bila kuambiwa na mtu. Moyo utanipasuka kwa raha.
Ila leo kajikojolea tena shuleni. Wifi, aliyemlea tangu mama yake afariki, kacheka: bibi harusi, utafua mpaka pete ikuvuke kidoleni. Kanikumbusha sheria yake: ikishafika saa sita mchana, mtoto asinywe maji. Nami, mgeni, natii.

Jumatano, 5 Machi
Homa kali. Anashika kiuno, analia mkojo unachoma. Hospitali. Mkojo wa kwenye kikopo ulikuwa na ukungu, unanuka. Daktari kauliza mtoto anakunywa maji kiasi gani. Nikamwambia sheria ya wifi. Kalamu yake ikasimama.

Ijumaa, 21 Machi
Picha za figo alizopigwa hospitali zimetoka. Si uvivu! Si uchafu! Kidoti kazaliwa hivyo: mkojo ukifika kwenye kibofu, mwingine unarudi juu, unapanda na vijidudu mpaka kwenye figo. Figo ya kushoto ina kovu. Na maji aliyonyimwa ndiyo yangemsafisha! Homa zote za nyuma wifi aliziita deko. Alimchapa kwa deko!
Sasa ni dawa kila jioni, maji tele, choo kila baada ya saa mbili. Huenda na upasuaji. Daktari kasema pia hali hii hutembea katika ukoo. Watoto wengine wapimwe, na mwenye homa asicheleweshwe. Wifi ana binti wa miaka mitatu.
Mume wangu alitaka kumpigia dada yake papo hapo. Nikamwambia, mpenzi, niachie mimi. Jumapili ndugu wote watakuja kula kwetu. Nitasoma ripoti neno kwa neno. Nataka alie mbele yao. Nataka koo limkauke, aombe maji, nimnyime!
Mume wangu kanikumbatia. Kadhani nalia kwa huruma.

Jumapili, 23 Machi
Saa nne. Viti kumi na viwili, bahasha ya picha mezani. Nimevaa gauni analolipenda mume wangu; yuko bafuni anaimba, sauti tamu kama asali.
Simu. Wifi. Atachelewa kidogo — binti yake ana homa tangu juzi, anatapika. Deko tu, kasema. Amemnyima maji asije akamlowesha njiani.
Nimemwambia asubiri, chungu kinaungua. Hakuna kinachoungua. Simu iko hapa, kando ya daftari. Nikisema tu mpeleke hospitali, haji. Na Jumapili yangu ndiyo imekwisha — siku kumi na nane, tangu kalamu ile isimame, nimeingoja!
Mtoto analia nyuma yake. Nasikia.
"Haloo? Wifi, upo?"
Nipo.